Boksi Linaingia, Lakini Linabebeka? Historia ya Kijumba cha Mgongoni mwa Pikapu na Somo Lake Kwako



Kila baada ya mavuno napokea swali lile lile. Mtu amepata pikapu, yake mwenyewe au ya kikundi, na anataka kuiwekea boksi mgongoni. Mmoja anataka la kubebea vifaranga, mwingine la maziwa au mboga, mwingine anataka duka la kuzunguka nalo kwenye magulio. Anachouliza ni vipimo: boksi liwe na urefu gani, upana gani na kimo gani ili liingie vizuri kwenye bodi?

Swali hilo ni zuri, ila lilipaswa kuwa la pili. La kwanza karibu wote hulisahau, na mimi niliwahi kulisahau vilevile.

Miaka michache iliyopita mama mmoja muuza mayai katika eneo langu la kazi aliniita. "Bwana shamba, njoo na tepu yako." Nilipima bodi ya pikapu yake, nikamchorea fundi boksi la chuma lenye rafu, na lilipokamilika liliingia sawasawa, likabaki na nafasi ya vidole viwili kila upande. Tulifurahi. Hakuna aliyeuliza boksi lile lina kilo ngapi. Wiki ya tatu, akitoka gulioni kwenye mteremko wenye kona, pikapu ililala ubavu. Trei za mayai zilikuwa juu, pipa la maji nyuma kabisa, na magurudumu ya mbele hayakuwa yakishika barabara vizuri. Dereva alivunjika mkono. Mayai yaliisha yote, mtaji ukaisha, lakini mkopo wa kikundi ukabaki pale pale. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia, "Tepu yako ilisema kweli, baba, ila haikuulizwa yote."

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma historia ya jambo hili, na nimeona kwamba sisi si wa kwanza kukosea hapa. Waliotutangulia ni Wamarekani, ambao hawakuishia kwenye boksi la mboga. Walipandisha mgongoni mwa pikapu nyumba nzima yenye kitanda, jiko, kabati na tangi la maji, inayoingizwa kwenye bodi safari ikianza na kushushwa safari ikiisha. Iliwachukua kama miaka 50 kutoka pikapu ya kwanza ya kiwandani hadi sheria iliyowalazimisha watengenezaji kusema wazi uzito wa kijumba na mahali unapokaa. Leo nataka tuipitie safari hiyo, kisha tufanye hesabu ya boksi lako.

Pikapu ilizaliwa shambani

Henry Ford alizaliwa mwaka 1863 katika familia ya wakulima huko Michigan, Marekani. Gari lake maarufu, Model T, lilitoka mwaka 1908, na wakulima walilipenda kwa sababu lilikuwa jepesi, lilikuwa juu, na lilipita kwenye njia mbovu. Wengine waliinua gurudumu la nyuma, wakalivisha mkanda, wakaendeshea mashine za shambani.

Lakini gari lile liliundwa kubeba watu. Mkulima aliyetaka kupeleka viazi sokoni aliondoa sehemu ya nyuma, akafunga sanduku la mbao alilotengeneza mwenyewe au alilonunua kwa fundi. Hapo ndipo mazoea ya kupima kwa macho yalipoanzia: sanduku likienea, basi kazi imekwisha.

Mwaka 1917 Ford walitoa Model TT, yenye chasisi nzito zaidi ya kubeba tani moja, ila aliyenunua alipewa chasisi na injini, bodi akajitafutia. Ilipofika Aprili 1925 ndipo kiwanda kilipouza Model T ikiwa na bodi ndogo ya mzigo tayari nyuma, kwa dola 281. Bodi ile ilikuwa na urefu wa inchi 56 na upana wa inchi 40 hivi, yaani kama mita 1.4 kwa mita 1, na injini ilikuwa na nguvu ya farasi 20. Ukiiona leo utasema ni toroli lenye injini.

Zingatia jambo moja hapa. Bodi ilikuwa fupi kwa sababu gari lote lilikuwa dogo. Ukubwa wa bodi na nguvu ya springi, ekseli na matairi vilikwenda pamoja. Baadaye pikapu zilikua na bodi zikarefuka. Bodi za Kimarekani zilifika upana wa kulaza ubao wa plaiwudi wa futi 4 kwa 8 katikati ya mabega ya magurudumu. Tangu hapo mtu aliweza kupakia kitu kinachoenea vizuri kabisa ndani ya bodi na bado kikawa kizito kupita uwezo wa gari.

Kijumba chapanda mgongoni

Watu walianza mapema kujenga vibanda vya kulala juu ya chasisi za magari, hata enzi za Model T. Lakini vibanda vile vilifungwa moja kwa moja. Gari likishakuwa nyumba, halikurudi tena shambani.

Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, Wamarekani walirudi kwenye barabara zao wakiwa na hamu ya kusafiri, kuvua samaki na kuwinda. Wengi, hasa vijijini, walikuwa na pikapu tayari. Mafundi wakaja na wazo ambalo hata wewe utalipenda: badala ya kuigeuza pikapu kuwa nyumba, tengeneza kijumba kinachojitegemea, kiteleze ndani ya bodi safari inapoanza, ukitoe inapoisha. Jumatatu pikapu inabeba mbolea, Jumamosi inabeba familia.

Barabara ya Alaska nayo ilichochea. Ilijengwa na jeshi mwaka 1942, ikafunguliwa kwa wasafiri wa kawaida mwaka 1948. Ni maelfu ya kilomita kupitia Kanada, wakati ule nyingi zikiwa za changarawe, na sehemu za kulala zikiwa chache. Kutokana na safari za namna hiyo, katika miaka ya 1950 fundi aitwaye Don Hall alitengeneza vijumba ambavyo sehemu yake ya juu hushuka gari likiwa safarini na kuinuliwa kwa pampu za mafuta mkifika. Faida yake ni kwamba gari likitembea, kijumba kinakuwa kifupi, upepo haukisukumi sana, na uzito unakaa chini. Bwana Hall alikuwa amelielewa swali ambalo mimi sikuliuliza kwa mama wa mayai: uzito uko juu kiasi gani?

Wengi hawakuuliza. Kijumba kilitengenezwa na kampuni moja, pikapu ikatengenezwa na nyingine, na kati yao alikuwepo mnunuzi na tepu yake. Muuzaji wa kijumba alisema, "Hiki ni cha bodi ya futi 8." Mwenye gari akajibu, "Langu ni futi 8." Wakapeana mikono.

Mwandishi na tairi lake

Mfano unaojulikana sana ni wa mwandishi John Steinbeck, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1962. Mwaka 1960 aliamua kuizunguka nchi yake akiwa na mbwa wake, Charley. Aliagiza pikapu mpya ya GMC ya daraja la robo tatu ya tani, na juu yake kikawekwa kijumba chenye kitanda, jiko na jokofu. Safari ile aliiandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1962, na gari lenyewe liko hadi leo kwenye makumbusho yake mjini Salinas, California.

Steinbeck hakuwa mjinga. Alichagua gari lenye nguvu kuliko pikapu ya kawaida. Lakini kijumba kilipokaa mgongoni kilikuwa tayari kimekula sehemu kubwa ya uwezo wa gari, na juu yake akapakia zana, vyakula, na vitabu vingi ambavyo hakuwahi kupata muda wa kuvisoma. Mwenyewe anakiri kwamba alichukua vitu kupita kiasi. Akiwa Oregon, siku ya mvua, tairi la nyuma likapasuka, na lingine la nyuma likawa linaelekea huko huko. Alihangaika kwenye matope hadi fundi mmoja mwenye huruma alipomtafutia matairi mazito yanayofaa.

Tazama ni tairi gani liliharibika: la nyuma. Kijumba cha pikapu hulalia zaidi ekseli ya nyuma. Kwa hiyo huwezi kuridhika kwamba uzito wote wa gari uko ndani ya kiwango. Ekseli ya nyuma inaweza kuwa imezidiwa huku ya mbele ikiwa nyepesi mno.

Mwaka 1973: uzito unaandikwa

Viwanda vya magari viliona biashara, vikaanza kurekebisha pikapu. Mwaka 1965 Ford walianza kuuza pikapu iliyoandaliwa maalumu kwa vijumba, ikiwa na springi nzito na vifaa vingine vya kubebea mzigo. Mwaka 1968 Chevrolet walitoa pikapu yenye bodi iliyorefushwa hadi futi 8 na nusu, ili sehemu kubwa zaidi ya kijumba ikae juu ya bodi badala ya kuning'inia nyuma.

Marekebisho hayo yalisaidia walionunua magari hayo. Wengine waliendelea kukisia. Serikali ya Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya usalama wa magari mwaka 1966, na kutokana na sheria hiyo ikaja kanuni ya upakiaji wa vijumba vya pikapu, iliyoanza kutumika mwaka 1973.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Mtengenezaji wa kijumba alitakiwa abandike kibao kinachotaja uzito wa juu wa kijumba kikiwa kimejazwa, siyo kitupu. Maji ya tangi yahesabiwe, gesi ya mitungi ihesabiwe. Mtengenezaji wa pikapu naye alitakiwa ataje gari linaweza kubeba mzigo wa kilo ngapi, na aonyeshe kwa mchoro ni sehemu gani ya bodi ambapo kitovu cha uzito wa mzigo kinapaswa kuangukia. Mnunuzi akiwa na karatasi hizo mbili, anaweza kujibu mwenyewe swali la kwanza kabla ya kushika tepu.

Kwa maana ya kanuni hii, kijumba ni mzigo. Hakihesabiwi kama sehemu ya gari, hata kikikaa mgongoni mwaka mzima. Kila kilo ya kijumba inatolewa kwenye kilo ambazo ungebeba.

Na sisi je?

Mwaka huo huo wa 1973, mjini Nairobi, Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu za usafirishaji. Nyingi za matatu za zamani zilikuwa pikapu zilizofungwa bodi na mafundi wa mitaani, paa la bati juu na mabenchi mawili pembeni, abiria wakitazamana. Ndiyo maana Wakenya waliziita "face me". Mwaka 1984 sheria ilirudisha leseni na ukaguzi, na mwaka 2004 zikaanza kutumika zile kanuni kali zilizopewa jina la waziri John Michuki, zenye mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa.

Tanzania nayo ilikuwa na simulizi kama hiyo. Mwaka 1983, mabasi ya umma ya Dar es Salaam yalipozidiwa, magari ya watu binafsi yaliruhusiwa kusaidia, na daladala zikazaliwa, jina likitokana na "dala", sarafu ya shilingi tano. Miongoni mwa magari ya kipindi hicho zilikuwepo pikapu na malori madogo yenye mabenchi ya kutazamana, tukayaita "chai maharage" kwa sababu mlikaa kama watu walio kwenye meza ya mama lishe. Zanzibar bado utaona daladala za bodi la mbao juu ya gari dogo la mizigo.

Simulizi hii si ya kuwacheka mafundi wetu. Mafundi wa Gerezani na wa Kamukunji wana mikono ambayo kiwanda chochote kingeitamani. Tatizo ni kwamba mteja huwapa vipimo vya urefu na upana tu. Hawapewi kilo, wala kibao cha gari hawaonyeshwi. Kazi inafanyika kwa ustadi, lakini ile karatasi ya pili iliyotakiwa Marekani mwaka 1973 haipo mezani.

Basi tuiandike wenyewe.

Hesabu ya boksi lako

*Kwanza, soma kibao cha gari.* Kiko kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, na maelezo mengine yamo kwenye kitabu cha gari na kadi yake. Tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa gari likiwa limepakiwa, uzito wa gari tupu, na uzito unaoruhusiwa kwa kila ekseli. Tuseme, kwa mfano tu, uzito wa juu ni kilo 2,700 na gari tupu ni kilo 1,600. Zinabaki kilo 1,100. Dereva na msaidizi ni kilo 140, zinabaki 960.

*Pili, hesabu boksi kabla halijachomelewa.* Chuma cha unene wa milimita 1 kina karibu kilo 8 kwa kila mita moja ya mraba. Boksi la urefu wa mita 2.2, upana mita 1.5 na kimo mita 1.5, lenye kuta nne, paa na sakafu, lina karibu mita za mraba 17.7. Ukitumia shiti ya milimita 1.5, shiti peke yake ni kama kilo 210. Weka fremu na milango, tuseme kilo 60, unafika 270. Kwenye zile 960 zinabaki 690. Ongeza rafu, jeki, zana na tairi la pili la akiba, tuseme kilo 90. Zimebaki 600.

Umeona? Ile pikapu mtaani inayoitwa ya tani moja sasa inabeba magunia sita ya kilo 100. Ukipakia kumi kama ulivyozoea, umezidisha kilo 400 na gari halitakuambia siku ile. Litakuambia kwenye mteremko.

Ukitumia shiti ya milimita 1 badala ya 1.5, unaokoa karibu kilo 70 kwenye boksi hilo hilo, na kwa mboga au mayai inatosha kabisa. Kuta za plaiwudi nyembamba au wavu juu ya fremu ya chuma ni nyepesi zaidi, na vifaranga watapata hewa.

*Tatu, tafuta kitovu cha uzito.* Kama umewahi kubeba mzega, unajua kwamba ndoo ya nyuma ikizidi, ya mbele huinuka. Gari ni hivyo hivyo, na bega lake ni ekseli ya nyuma. Mzigo ulio mbele ya ekseli hiyo hugawanywa kwa magurudumu yote. Mzigo ulio nyuma yake huyanyanyua ya mbele. Tuseme umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3, na mzigo wa kilo 600 kitovu chake kiko sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Unaondoa kilo 60 kwenye magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma inabeba kilo 660 badala ya 600. Kikirudi nyuma sentimita 60, mbele zinapungua 120 na nyuma zinakuwa 720. Magurudumu ya mbele ndiyo ya usukani, na hufanya kazi kubwa ya breki. Ukiyapunguzia uzito, umepunguza uwezo wako wa kukata kona na kusimama.

Kupima kitovu hakuhitaji mashine ya ajabu. Omba mizani ya ghala la AMCOS. Weka ncha ya mbele ya boksi tupu juu ya mizani, ya nyuma juu ya kipande cha mbao cha kimo sawa na mizani, usome. Kisha badilisha. Ukipata mbele kilo 110 na nyuma 160, jumla ni 270. Gawa 160 kwa 270, zidisha kwa urefu wa mita 2.2, utapata karibu mita 1.3. Hapo ndipo kitovu kilipo, ukipima kutoka mbele ya boksi. Weka alama ya rangi. Boksi likikaa kwenye bodi, alama hiyo iwe usawa wa ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Kamwe isiwe nyuma.

Fundi akikwambia boksi lichomoze nusu mita nyuma ya bodi "ili nafasi iongezeke", mkumbuke mbeba mzega.

Kulikalisha na kulifunga

Wenye vijumba Marekani walijifunza mambo ambayo tunaweza kuyachukua kama yalivyo.

Boksi likae juu ya sakafu ya bodi, siyo kuning'inia kwenye kingo za pembeni, maana kingo ni bati jembamba. Tandika mpira chini yake ili lisiteleze. Mbele weka kizuizi cha mbao imara kati ya boksi na ukuta wa bodi, kwa sababu ukifunga breki za ghafla boksi litataka kuja kukusalimia kwenye kabini.

Funga pembe zote nne, na vifungo vishike chasisi au vyuma vilivyoungwa kwenye chasisi. Kamba ya katani juu ya boksi haitoshi, na ndoano za bati la bodi hung'oka. Tumia minyororo yenye vikaza vya skrubu au mikanda imara ya kukazia. Ukishatembea kilomita chache za kwanza simama, kaza tena, kwa sababu boksi huwa limejikalisha.

Fikiria miguu. Vijumba vya Kimarekani vina jeki kwenye pembe. Unakiinua kikiwa kitupu, unatoa gari chini yake, kinabaki kimesimama uani. Mwambie fundi akuwekee miguu minne ya kuchomeka kwa pini. Boksi litabaki nyumbani kama ghala dogo siku za kazi nyingine, na pikapu itarudi kubeba samadi bila kubeba kilo 270 za bure. Shusha kwenye ardhi ngumu na tambarare, na mtu asipite chini likiwa limeinuliwa.

Vizito viwe chini na mbele: maji, maziwa, betri, magunia. Vyepesi viwe juu: mayai, mikate, sabuni za reja reja. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo pipa la lita 200 ni sawa na magunia mawili ya mahindi, na lile la mama wa mayai lilikuwa limewekwa mlangoni kabisa.

Usidanganyike na springi. Fundi anaweza kuongeza bapa moja au mbili za springi na gari likasimama wima kama kijana. Lakini breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, matairi ni yale yale. Springi mpya zinaondoa dalili ya ugonjwa, uzito bado upo. Angalia namba ya uwezo wa kubeba kwenye tairi, na ujaze upepo matairi yakiwa baridi.

Mwisho, kabla ya kubadilisha mwili wa gari waulize askari wa usalama barabarani na kampuni yako ya bima, kwa maana bima inaweza kukukana kwa boksi ambalo halimo kwenye karatasi. Na boksi ni la mzigo. Usipakie watu ndani.

Nilichobadilisha mimi

Yule mama amerudi barabarani. Boksi la sasa ni fupi kuliko la kwanza, limeshuka sentimita 40, kuta zake ni wavu na plaiwudi, na pipa la maji limekaa nyuma ya kabini. Anabeba trei chache kuliko zamani kwa safari moja, kwa hiyo siku za gulio kubwa huenda mara mbili. Mafuta yameongezeka, hilo hafichi. Ila ndani ya mlango wa boksi fundi ameandika kwa rangi nyekundu: "Boksi kilo 150. Mzigo mwisho kilo 700." Msaidizi mpya akianza kazi, anasomeshwa maandishi hayo kabla ya kuonyeshwa bei.

Nami siku hizi nikiitwa na tepu yangu, naomba kwanza nionyeshwe kibao cha gari. Kama hakisomeki, tunatafuta kitabu chake. Tepu inakaa mfukoni hadi tumalize kutoa na kujumlisha.

Ukienda kwa fundi wiki hii, nenda na namba nne kwenye karatasi: uzito wa juu wa gari, uzito wake tupu, uzito wa boksi unaoutaka, na umbali kutoka mbele ya bodi hadi ekseli ya nyuma. Urefu na upana muandike chini ya hizo.

Safari njema, na tukutane makala ijayo.